Mto Ruvu Katika Vitabu vya Hesabu: Jinsi Utunzaji wa Mazingira Ulivyoingia Kwenye Biashara za Kibaha na Kisarawe

Visiga ni kata ya Kibaha Mjini iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, kabla ya Mlandizi kwa anayetoka Dar es Salaam. Kwenye kata hiyo kuna Zegereni, eneo lililotengwa kwa ajili ya viwanda, ambako mashamba na vichaka vimekuwa vikipisha matanuri na maghala. Mlandizi, jirani wa magharibi, kuna mtambo wa Ruvu Juu unaosafisha maji ya mto na kuyasukuma kwenda jijini. Kusini iko Kisarawe, wilaya ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na ni kwenye vilima hivyo vya Pugu Mto Msimbazi unakoanzia kabla ya kukatiza Dar es Salaam hadi baharini. Kiwanda kinachojengwa hapa kinakaa baina ya chanzo cha maji, chanzo cha kuni na mkaa, na mamilioni ya walaji. Katika mahali pa namna hii, suala la mazingira na suala la faida hayawezi kuendelea kwa muda mrefu bila kugusana.

Makala haya yanafuata historia ya suala hilo: kwa nini kampuni hukubali kutoa fedha kutunza mazingira, na uamuzi huo huifanyia nini biashara yao. Kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza linasema wenye viwanda hufanya hivyo kwa wema. La pili linasema hufanya kwa kuiogopa serikali. Yote mawili yana ukweli kidogo, lakini miaka sitini ya ukanda huu inaonyesha jambo zito zaidi. Kampuni hubadilika pale gharama ya uchafu, ambayo zamani ilibebwa na jirani, inapomrudia mwenye kiwanda mwenyewe, iwe kwa njia ya mahakama, bei ya mafuta, mnunuzi wa ng'ambo au mto unaokauka. Na mabadiliko hayo huleta faida ya kudumu pale tu yanapogusa kile ambacho biashara yenyewe haiwezi kuishi bila hicho. Utunzaji uliobuniwa kwa ajili ya kumpendeza mtu wa mbali, bila mizizi katika ardhi na maji ya mahali, umewahi kuanguka, na Kisarawe ni shahidi.

1959–1983: Uchafu usio na mwenyewe

Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, Dar es Salaam ilipokuwa imeanza kuzidi uwezo wa chanzo chake cha Mtoni. Bomba lilifuata Barabara ya Morogoro, na vijiji vya Kibaha vikawa njia ya maji ya jiji. Baada ya Uhuru mahitaji yalipaa. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, Azimio la Arusha likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma mwaka 1967, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1976 mtambo wa pili, Ruvu Chini, ulianza kazi upande wa Bagamoyo. Kuanzia hapo karibu kila kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam kiliendeshwa, kwa sehemu kubwa, na mto mmoja unaotoka milima ya Uluguru.

Katika zama hizo uchafu wa viwanda haukuwa na mwenyewe. Vumbi la saruji lilitua juu ya paa na mazao, na maji yenye rangi kutoka viwanda vya nguo yaliingia kwenye mabonde bila kusafishwa. Haikuwa lazima mameneja wawe wakorofi ili hali iwe hivyo. Mwenye kiwanda alikuwa serikali, mkaguzi alikuwa serikali, na aliyepanga bei ya maji na umeme alikuwa serikali hiyo hiyo. Meneja alipimwa kwa tani na mita alizozalisha na kwa ajira alizotoa. Hakuna safu katika vitabu vyake iliyoonyesha gharama ya mto uliochafuka. Kisha zikaja shida za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980: bei ya mafuta kupanda, vita vya Kagera, na uhaba wa fedha za kigeni. Kiwanda kisichoweza kuagiza vipuri vya kuendeshea mashine hakiwezi kutazamiwa kuagiza vichujio vya vumbi.

Duniani nako fikra zilikuwa zikivutana. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake kwa kufuata kanuni za mchezo. Miaka miwili baadaye mataifa yalikutana Stockholm katika mkutano mkubwa wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu. Tanzania ilitunga sheria iliyoanzisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, mwaka 1983. Sheria hiyo ililipa Baraza kazi ya kushauri zaidi kuliko kuamuru, na ushauri peke yake haujawahi kubadilisha mizania ya kampuni.

1984–1992: Majirani waenda mahakamani

Geuko la kwanza halikuanzia kiwandani. Mwaka 1984 Katiba iliongezewa sura ya haki za binadamu, na ibara ya 14 ikatamka haki ya kuishi. Wakazi wa Tabata, waliokuwa wakiishi kando ya dampo la jiji na moshi wake, waliitumia ibara hiyo. Katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mwaka 1988, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliona kwamba kuwaweka watu katika moshi na uvundo kunagusa haki yao ya kuishi, na akaamuru dampo lisimamishwe. Jiji liliomba muda mara kwa mara. Hatimaye taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao, Festo Balegele na wenzake 794, walishtaki na kushinda mwaka 1991. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi, kwenye mlango wa Kisarawe.

Kesi hizi zilihusu halmashauri, si kampuni, lakini matokeo yake kwa wafanyabiashara yalikuwa makubwa. Zilionyesha kwamba jirani maskini anaweza kusimamisha shughuli nzima, na kwamba idhini ya mamlaka si kinga dhidi ya haki ya mtu kuvuta hewa safi. Hadi hapo mwekezaji alihesabu hatari za bei, riba na soko. Tangu hapo palikuwa na hatari ya jirani. Njia ya taka hizo, hata hivyo, inaonyesha udhaifu wa dawa hii. Mahakama ilipofunga mlango mmoja, uchafu ulihamia kwa watu ambao bado hawajashtaki, na kila kuhama kulizidi kuusogeza pembezoni, kuelekea vilima ambako mito ya jiji inaanzia. Amri ya kuacha inatibu mahali. Haibadilishi namna ya kuzalisha.

1993–2004: Wenye mali wapya, hesabu mpya

Kilichobadilisha namna ya kuzalisha ni umiliki na bei. Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, ilibinafsishwa mwaka 1993 kwa ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Kiwanda cha Wazo kikapata mwenye hisa mkubwa kutoka Ulaya mwaka 1998. Wamiliki hawa walikuja na ripoti zinazosomwa na wenye hisa wa nchi ambako sheria za mazingira zilikuwa kali. Mkutano wa Rio wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo ulikuwa umefanyika mwaka 1992; baada yake kituo cha kusaidia viwanda kuzalisha kwa taka chache kikaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1995, kiwango cha kimataifa cha ISO 14001 kikatoka mwaka 1996, na Sera ya Taifa ya Mazingira ikapitishwa mwaka 1997. Mwaka 1995 pia Michael Porter na Claas van der Linde walitoa hoja iliyomjibu Friedman kwa lugha yake mwenyewe: uchafu ni malighafi iliyolipiwa kisha ikatupwa, kwa hiyo sheria iliyotungwa vizuri humlazimisha mwenye kiwanda kutafuta ubunifu ambao mara nyingi hulipa gharama yake.

Somo la soko lilikuja kwa ukali Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Viwanda vya minofu vya Mwanza, ambavyo havikuwa vimemwaga sumu yoyote ziwani, vilijikuta bila mnunuzi kwa sababu ya matendo ya watu ambao havikuwaajiri. Ghafla usafi wa ziwa ukawa suala la mizania. Tangu hapo wenye viwanda walikuwa na sababu ya kifedha ya kujali samaki amevuliwaje, na ukaguzi na maabara vikawa sehemu ya gharama ya kufanya biashara. Kiwanda kinaweza kung'aa ndani ya ukuta wake na bado kikaangushwa na uchafu wa nje ya ukuta.

Somo la bei lilitokea Wazo. Gesi asilia ya Songo Songo ilikuwa imegunduliwa mwaka 1974, lakini ilikaa chini miaka thelathini kabla ya bomba kukamilika mwaka 2004, na tawi moja likaelekezwa kwenye kiwanda cha saruji. Tanuri lililokuwa likichoma mafuta mazito yaliyoagizwa kwa dola likaanza kuchoma gesi ya nyumbani. Gesi huwaka ikiwa na masizi na salfa kidogo sana kuliko mafuta hayo, na hewa ya ukaa inayotoka kwa kiasi kile kile cha joto hupungua. Hakuna haja ya kudai kwamba kampuni ilihamia gesi kwa upendo wa hewa. Ilihama kwa sababu ya bei na uhakika wa nishati, na usafi ukaja pamoja navyo. Usafi wa aina hiyo ndio unaodumu, kwa sababu hakuna mkurugenzi atakayeamka asubuhi na kuona kuwa unamgharimu. Waliovuna kwa njia hiyo hiyo ni wazalishaji wa sukari wanaochoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, na kampuni ya Katani huko Hale mkoani Tanga, iliyojenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, zao ambalo karibu asilimia 96 ya jani lake ilikuwa ikitupwa.

2004–2011: Sheria yenye meno, na mbono wa Kisarawe

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, ilianza kutumika Julai 2005. Ilitamka kwamba mchafuzi ndiye alipe, ikaipa NEMC nguvu ya kukagua na kuadhibu, na ikataka mradi wowote mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Kwa mwekezaji wa kawaida hili lilibadilisha mpangilio wa kazi. Maswali ya maji taka yatakwenda wapi na moshi utachujwaje yalianza kuulizwa wakati mchoro ungali mezani, si wakati majirani wamekwisha kuandamana. Kuweka bomba la kurejesha maji kwenye jengo jipya ni gharama ndogo. Kuvunja sakafu kuliweka baada ya miaka kumi ni gharama inayoweza kusimamisha uzalishaji.

Lakini kipindi hicho hicho kilileta tukio linalostahili kusomwa na kila mtu anayeamini kwamba neno la kijani linatosha kuleta faida. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba nishati ya mimea ifikie asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri ifikapo mwaka 2010. Bei ya mafuta ghafi ilipanda hadi karibu dola 147 kwa pipa Julai 2008. Wawekezaji walitafuta ardhi ya mbono, mmea uliosifiwa kwamba unastawi kwenye udongo duni na mvua haba, na kwa hiyo haushindani na chakula. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilikuja Kisarawe. Baada ya mazungumzo ya miaka kadhaa ilipewa, mwaka 2009, hekta 8,211 kutoka vijiji 11, kwa umiliki wa miaka 99. Kwa sheria, ardhi ya kijiji ilipaswa kugeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla ndipo mwekezaji aipate, hatua ambayo kijiji hakiwezi kuirudisha nyuma kwa urahisi. Vijiji viliahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Sehemu ya msitu wa miombo na vichaka ilifyekwa, mbono ukapandwa, na mamia ya watu wakaajiriwa.

Mwaka 2011 shughuli zilisimama. Fedha za wawekezaji zilikuwa zimekauka baada ya msukosuko wa uchumi wa dunia, bei ya mafuta ilikuwa imeanguka kisha ikayumba, na mbono ulikuwa umeonyesha, hapa na kwingineko, kwamba kwenye udongo duni hutoa mavuno duni. Wafanyakazi walipoteza kazi, umiliki ukahamia mikononi mwa kampuni nyingine, na vijiji vikabaki bila ardhi ile na bila sehemu kubwa ya ahadi. Huu ulikuwa mradi wa mazingira kwa jina na kwa nia iliyotangazwa. Kwa nini ulianguka wakati tanuri la gesi la Wazo liliendelea? Kwa sababu ukijani wake ulikuwa kwa mnunuzi wa mbali. Faida yake ilitegemea sera ya Ulaya, bei ya dunia na sifa za mmea ambazo hazijapimwa shambani. Haukupunguza gharama yoyote iliyokuwa tayari ikimuuma mwenye biashara, na haukumpa jirani sababu ya kuulinda. Zaidi ya hayo, kufyeka uoto wa asili ili kupunguza hewa ya ukaa kunadai hesabu ya miaka mingi kabla ya hasara ya mwanzo kufidiwa, na kampuni haikuishi miaka hiyo.

2010–2019: Kiwanda chatazama mto, na Pwani yajaa viwanda

Wakati Kisarawe ikiuguza jeraha hilo, wazo la kinyume lilikuwa likikua upande wa pili wa bomba. SABMiller, kampuni mama ya TBL wakati huo, ikishirikiana na shirika la WWF na shirika la maendeleo la Ujerumani, ilitoa mwaka 2010 uchambuzi wa hatari za maji katika nchi nne: Peru, Ukraine, Afrika Kusini na Tanzania. Kwa Dar es Salaam hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Bia ni maji kwanza. Kiwanda kinachotegemea maji ya Ruvu na visima vya ardhini kinaweza kupunguza matumizi yake ndani ya ukuta kadiri kinavyoweza, lakini kama misitu ya juu inaisha na kila jirani anachimba kisima hadi maji ya chumvi yaingie, kiwanda hicho kitakauka kikiwa na vyeti vyote ukutani. Hapa kampuni kubwa ya jiji iliandika wazi kwamba afya ya mto ni hatari ya kibiashara inayohitaji kushughulikiwa pamoja na mamlaka za maji na watumiaji wengine.

Muongo huo ndio ulioifanya Kibaha kuwa uwanja wa viwanda. Serikali ya awamu ya tano iliweka viwanda mbele ya ajenda zake, ardhi ya Dar es Salaam ilikuwa imeadimika, na Pwani ilikuwa na nafasi, barabara, umeme na gesi kwa karibu. Katika ziara ya Juni 2017 Rais Magufuli alizindua viwanda kadhaa vya Kibaha na Mlandizi, pamoja na upanuzi wa Ruvu Juu, ambao uwezo wake ulipanda kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini ulikuwa umepanuliwa kutoka milioni 182 hadi milioni 270. Kwa pamoja ikawa lita milioni 466 kwa siku. Namba hiyo ilisomwa kama uhakika wa maji, ingawa pampu kubwa huongeza uwezo wa kuchota tu. Haiongezi kilichomo mtoni.

Mwaka huo huo wa 2017 viroba, yaani pombe ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, na Juni 1, 2019 ikafuata marufuku ya mifuko ya plastiki. Hapa sheria haikusubiri bei wala mahakama. Ilifuta bidhaa nzima. Wenye mashine za mifuko walipata hasara halisi, na waliokuwa na mikopo waliumia zaidi. Hata hivyo soko la kubebea bidhaa halikufa. Lilihamia kwenye mifuko ya karatasi, vikapu na mifuko ya kitambaa kisichofumwa, ambayo shirika la viwango liliitaka iwe na uzito wa angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Aliyesoma alama mapema, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa imepiga marufuku mifuko hiyo tangu muongo uliotangulia na Kenya Agosti 2017, alikuwa na miaka ya kubadili mashine. Aliyesubiri tangazo alipewa wiki chache. Tofauti ya faida kati yao haikutokana na ukubwa wa kampuni peke yake. Ilitokana na nani alihesabu sheria ya kesho kuwa gharama ya leo.

2020–2024: Mto wapungua, benki zauliza maswali

Namba ya 466 ilijaribiwa mapema. Mvua za vuli zilipochelewa mwaka 2021, kina cha Ruvu kilishuka na mgao wa maji ukaanza. Oktoba 2022 hali ilikuwa mbaya zaidi: uzalishaji ulishuka hadi takribani lita milioni 300 kwa siku. Novemba visima virefu vya Kigamboni viliwashwa, na mkataba wa bwawa la Kidunda, mradi uliozungumzwa kwa vizazi, ukasainiwa. Mamlaka ziliwaondoa waliokuwa wakichepusha maji juu ya mto kwa umwagiliaji na mifugo. Kwa viwanda hili lilikuwa funzo lisilohitaji semina. Mwenye mfumo wa kurejesha maji na tangi la kuvuna mvua aliendelea kufanya kazi kwa kiasi, na asiyekuwa navyo alinunua maji ya magari kwa bei ya dhiki au alisimamisha zamu. Uwekezaji uliokuwa ukionekana pambo uligeuka bima.

Fedha nazo zilianza kuzungumza lugha hiyo. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani yake ya kijani, ikitafuta shilingi bilioni 40, na wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani ya kupanua huduma yake. Maana yake ni kwamba mradi unaoweza kuonyesha matokeo ya mazingira yanayoweza kupimwa sasa una mlango wa mtaji ambao muongo mmoja uliopita haukuwapo. Kenya, kwa upande wake, ilionyesha bei ya kutojali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika na madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014, walishinda fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024 baada ya rufaa. Eneo lolote linalokaribisha matanuri ya vyuma na vyuma chakavu, Zegereni likiwamo, lina sababu ya kuisoma hukumu hiyo kabla ya kutoa kibali.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni la wasomi, na ni zito. Wanasema kampuni tajiri ndizo zinazoweza kutunza mazingira, kwa hiyo tukiona utunzaji na faida pamoja tusidhani cha kwanza kimezaa cha pili. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Ujerumani walikusanya matokeo ya tafiti zipatazo 2,200 na kukuta karibu asilimia 90 hazionyeshi uhusiano hasi kati ya vigezo vya mazingira, jamii na utawala na matokeo ya kifedha. Lakini kutokuwa hasi si sawa na kuwa chanya, na uhusiano si chanzo. Pingamizi hili ndilo linalofanya historia iwe na thamani, kwa sababu historia huonyesha nini kilitangulia nini. Wazo gesi ilitangulia, nafuu ya gharama za nishati ikafuata. Mwanza marufuku ilitangulia, maabara zikafuata, kisha soko likarudi. Kisarawe mtaji ulikuwapo na jina la kijani lilikuwapo, na bado biashara ilikufa. Utajiri peke yake hauelezi matokeo hayo. Kinachoyaeleza ni kama utunzaji uligusa mshipa wa biashara au la.

Pingamizi la pili ni la watafuta ajira, nalo linasema masharti yatawakimbiza wawekezaji waende mikoa au nchi nyingine. Ni hofu ya haki katika mji wenye vijana wengi wanaosubiri kazi. Hata hivyo mwekezaji hakuja Kibaha kwa sababu ya ulegevu wa masharti. Alifuata soko la Dar es Salaam, barabara, reli, bandari kavu ya Kwala na maji ya Ruvu. Vitu hivyo havihamishiki. Kinachoweza kumkimbiza ni sheria isiyotabirika: leo kibali, kesho kufungiwa, na jirani anayechafua akiachwa. Masharti yanayojulikana mapema na kutumika kwa wote hupunguza hatari, na mwenye mtaji hupenda hatari iliyopungua.

Pingamizi la tatu ni la wenye viwanda vidogo, wasio na kampuni mama Ulaya wala mlango wa hatifungani. Hawa wana haki kuliko wote. Mtambo wa kusafisha maji taka unaweza kugharimu zaidi ya mashine zao zote. Hapa hoja yangu inahitaji kusahihishwa kidogo: utunzaji unaolipa kwa mkubwa unaweza kumfilisi mdogo akiachwa peke yake. Dawa ni kushirikiana. Viwanda vilivyo eneo moja vinaweza kuwa na mtambo mmoja wa maji taka, mfereji mmoja, ghala moja la taka hatari, na kila mmoja akalipia kwa ujazo anaotoa. Eneo lililopangwa kama Zegereni lina nafasi hiyo, nafasi ambayo viwanda vilivyotapakaa kando ya Msimbazi havikuwahi kuipata.

Historia hii inaidai nini Visiga

Kinachofuata kutoka miaka hii ni kanuni inayoweza kutumika katika kila kibali. Kabla ya kuuliza kiwanda kina cheti gani, aulizwe mwenye kiwanda biashara yake inaishi kwa kutegemea nini: maji, joto, malighafi au sifa mbele ya mnunuzi. Kisha mpango wake wa mazingira upimwe kwa jibu hilo. Mtengeneza vinywaji aonyeshe atatumia lita ngapi kwa lita moja ya bidhaa, na atachangia nini katika kulinda vyanzo vya Ruvu. Myeyusha vyuma aonyeshe moshi na majivu yataishia wapi, na fedha ya kusafisha eneo siku akiondoka itatoka mfuko gani. Anayetumia kuni aonyeshe shamba la miti, kwa kuwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekwisha kutoa zaidi ya ilivyoweza. Na yeyote anayekuja na ahadi kubwa za kijani kwa ajili ya soko la ng'ambo, Kisarawe inatoa swali la kumuuliza: soko hilo likifungwa, nani atabaki na ardhi?

Kwa wenye viwanda, hoja ni ya hesabu safi. Gharama ya uchafu haikufutika wakati wowote katika miaka sitini iliyopita. Ilihamishwa tu, kutoka kiwandani kwenda Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Pugu, na kila mara ikarudi ikiwa imezaa riba. Njia pekee ya kuimaliza ni kuizuia isitokee, na wakati wa bei nafuu wa kufanya hivyo ni sasa, ambapo Visiga bado ina viwanja visivyojengwa na mto ungali unafika Mlandizi. Kwa halmashauri na wananchi, kazi ni kuhakikisha kwamba anayelipia usafi hashindwi kibiashara na anayeukwepa. Hilo likifanyika, utunzaji wa mazingira hautahitaji kuhubiriwa Zegereni, kwa sababu atakayeuacha ataona hasara yake katika vitabu vyake mwenyewe.